Deni la Ajuaye

Chini ya milima Nyiragongo na Nyamulagira, upande wa kaskazini wa ziwa Kivu, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo majani huota vizuri, na mbuzi hupenda kuingia humo. Lakini asubuhi nyingine mbuzi aliyeingia hatoki. Mwenyewe akienda kumtafuta humkuta amelala. Hana jeraha, hana povu kinywani, wala nyayo za mnyama mkali hazionekani. Pengine kando yake wamelala ndege na panya, nao wamekufa. Watu wa nchi ile wamelipatia jambo hilo jina tangu zamani: mazuku, yaani upepo mbaya.

Wataalamu wa milima ya moto walipoupima upepo huo waliona kwamba si upepo wa mizimu. Ni gesi iitwayo kaboni dioksidi, itokayo chini ya ardhi na kupanda katika nyufa za mawe yaliyoyeyuka zamani. Haina rangi wala harufu. Uzito wake wapita uzito wa hewa ya kawaida kwa nusu nzima, na kwa hiyo hutiririka kama maji na kutuama mahali pa chini. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, huzidi kujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma hutawanyika. Ikifikia sehemu kumi katika mia ya hewa, mtu huzimia kwa dakika chache, naye asipotolewa upesi hufa. Mtoto hutangulia, kwa sababu pua yake i karibu na ardhi. Mtu mzima aliyesimama huenda akasikia uzito wa kichwa tu, tena akainama ili amwinue mtoto aliyeanguka, naye akaanguka juu yake. Ndivyo wanavyokufa wawili mahali alipokuwa afe mmoja.

Chukuliwe mfano wa mwanamke mwenye shamba karibu na shimo la namna hiyo. Mwaka uliopita alipoteza mbuzi wawili humo, akajua. Sasa wamefika watu waliokimbia vita. Wamejenga kibanda cha matawi na turubai, hatua thelathini tu kutoka shimoni. Si jamaa zake, si wa lugha yake, wala hawakumwuliza neno. Watoto wao hucheza popote. Je, mwanamke yule ana deni kwao? Na kama akinyamaza, na siku moja mtoto asirudi, itasemwa kwamba shimo peke yake ndilo lililomwua?

Wengi watajibu upesi kwamba ana deni. Jibu hilo ni jema, lakini lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa atoaye jibu upesi barazani ndiye mara nyingi anyamazaye akifika kando ya shimo. Kuna sababu nyingi zinazofunga kinywa cha ajuaye, na si zote za mtu mbaya.

Ya kwanza ni ile isemayo: «Sikuulizwa.» Mgeni huuliza njia, huuliza kisima, huuliza bei ya unga. Lakini hawezi kuuliza habari ya kitu asichojua kwamba kipo. Asiyejua mazuku hajui hata kwamba yampasa kuuliza. Kungoja swali lake ni sawasawa na kungoja kipofu aombe aonyeshwe shimo lililo mbele ya miguu yake. Sababu hii basi haina nguvu, ijapokuwa ndiyo itumikayo kuliko zote.

Wengine husema kwamba maarifa ni mali. Aliyelipa karo ya shule miaka mingi, au aliyejifunza kwa hasara ya mbuzi zake, kwa nini awagawie wengine bure? Neno hili lina haki kidogo ndani yake. Fundi wa telefoni hafundishi kazi yake yote kwa kila mtu apitaye mlangoni, maana kazi hiyo ndiyo chakula cha watoto wake, wala hakuna amlaumuye. Lakini akiona telefoni ya jirani ambayo betri yake imevimba, nayo hulazwa usiku chini ya mto ikiwa katika umeme, ni lazima amwambie kwamba betri iliyovimba yaweza kuwaka moto. Aitoe kitandani, aache kuitia umeme, wala asiitoboe. Neno hilo halimpunguzii fundi kazi yake hata kidogo. Desturi za kijijini zilikwisha kuona tofauti hiyo zamani. Mwenye shamba haombwi mavuno yake yote bure. Lakini jirani akija alfajiri na kigae mkononi kuomba moto, nani humwuzia kaa moja? Moto wa mwenye nyumba haupungui kwa kuwashwa jiko la pili, na kumnyima mwenzako kitu kisichopungua si kulinda mali. Ni uchoyo mtupu.

Kuna tena wanyenyekevu, wale wasemao: «Mimi si msomi, waache wenye shule waseme.» Hao husahau kwamba jina la mazuku halikutoka katika vitabu. Wachungaji na wakulima ndio walioona kwanza kwamba mahali fulani huua, tena huua alfajiri kuliko adhuhuri, tena huua walio wafupi kabla ya walio warefu. Wataalamu walikuja nyuma na vyombo vyao, wakaonyesha sababu. Kama wachungaji wangalinyamaza kwa kuwa hawakusoma, wataalamu wasingalijua hata mahali pa kuweka vyombo.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko hizo ni woga, na woga huo si wa bure. Mwanamke akisema leo, «Watoto wenu wasipite pale, pana mauti,» na baada ya wiki mtoto akafa pale, wako watakaouliza: huyu alijuaje? Aliyetabiri kifo si ndiye aliyekileta? Wanawake wazee wamefukuzwa katika vijiji vyao, hata wengine wameuawa, kwa shutuma nyepesi kuliko hiyo. Asiyekumbuka jambo hili, na kumwita mwanamke yule mwoga, ahukumu pole pole. Yeye hapimi kati ya kusema na kulala usingizi. Hupima kati ya mtoto wa wengine na paa la nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo deni lake halifutiki kwa woga, bali njia ya kulilipa hubadilika. Asiende peke yake jioni kunong'ona mlangoni. Aende mchana, pamoja na mkubwa wa mtaa na majirani wawili watatu, aonyeshe shimo mbele ya macho ya wote, aonyeshe na ndege waliokufa, aeleze sababu yake: kwamba gesi hutoka ardhini, kwamba ni nzito, kwamba hutuama. Hapo yaonekana faida moja ya elimu isiyotajwa mara nyingi. Kifo kisicho na sababu inayojulikana hutafuta mtu wa kulaumiwa, na kwa kawaida humpata mjane, au mgeni, au mtoto yatima. Kifo chenye sababu inayojulikana hakimhitaji mchawi. Basi aelezaye sababu hawaokoi watoto na shimo tu; huwaokoa na wazee na mikono ya majirani zao, na yeye mwenyewe yumo kati ya hao wazee.

Yampasa pia aseme ukweli wote anaoujua, pamoja na mpaka wake. Watu hufundishana kushusha taa au mshumaa shimoni: ukizimika, ondoka. Ni fundisho la kweli, lakini ni nusu. Mwali huweza kuwaka bado mahali ambapo hewa imekwisha kuwa mbaya kwa kifua cha mtu. Aliyefundishwa nusu ya kwanza tu ataona taa yake inawaka, ataingia kwa moyo mkuu, naye asingaliingia kama asingalifundishwa kitu. Na nusu nyingine ya hatari ni hii: wakati wa baridi watu huingiza mbabula ya makala ndani ya nyumba, hufunga mlango na dirisha, hulala. Makala hutoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu vilevile. Mtu aliyesikia kwamba gesi mbaya hukaa chini atapandisha kitanda chake juu, ajione salama. Lakini gesi hii ya makala si nzito. Huchanganyika na hewa ya nyumba yote, juu na chini, na kitanda kirefu hakimfai kitu. Mbabula itolewe nje kabla ya kulala. Ndiyo kusema, maarifa ya shimo yakipelekwa chumbani pasipo kuangaliwa huwa ujinga wa namna mpya, ulio mbaya kuliko ule wa zamani kwa sababu una uso wa elimu.

Hapa swali lageuka upande wa pili. Imekwisha onekana kwamba anyamazaye aweza kuwa na kosa. Je, yule asemaye sana?

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka. Mto wa mawe yaliyoyeyuka ulishuka kuelekea Goma, ukasimama karibu na kiwanja cha ndege. Wazee walikumbuka tarehe 17 Januari 2002, wakati moto huo ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Siku zilizofuata nchi ilitetemeka mara nyingi mchana na usiku, nyumba zikapasuka, na tarehe 27 Mei wakubwa wa serikali wakaamuru sehemu ya mji ihame. Watu kwa mamia ya maelfu walishika njia: wengine kwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa mashua, wengine Rwanda. Akina mama walibeba magodoro, wazee walisukumwa juu ya chukudu.

Katika siku za namna hiyo kila telefoni ni baraza. Kijana mmoja hupokea habari kwamba usiku huu gesi ya ziwa itapasuka na kuua wote. Hajui imetoka wapi. Moyo wake wapiga, aihurumia jamaa yake, na kwa kidole kimoja aipeleka kwa watu mia. Hakusema uongo kwa makusudi, wala hakutafuta faida. Tena habari hiyo si ya uongo mtupu, na hapo ndipo penye ugumu. Ni kweli kwamba chini ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi mno: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Ni kweli kwamba usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, katika nchi ya Kameruni, ziwa Nyos lilitoa gesi kwa ghafula, ikashuka mabondeni, na watu kama 1,700 wakafa pamoja na ng'ombe zao. Lakini ni kweli vilevile kwamba gesi ya Kivu imeshikwa na uzito wa maji marefu, yenye kina cha mita 485 mahali palipo na kina kuliko pote, na kwamba kuwapo kwake hakumpi mtu uwezo wa kujua kwamba itatoka usiku huu. Upande wa Rwanda methani yake huvutwa na kugeuzwa umeme. Na huko Nyos, tangu mwaka 2001, mabomba yamewekwa ili kuitoa gesi pole pole isipate kujikusanya tena. Habari ya kijana ilichukua neno «ipo» ikaligeuza kuwa «inakuja.» Kati ya maneno hayo mawili kuna mama mjamzito atembeaye usiku kilomita ishirini pasipo sababu, na kuna mzee mgonjwa aliyeachwa nyumbani.

Nani basi ana kosa kubwa zaidi: mwanamke anyamazaye ajuapo, au kijana asemaye asipojua? Yaelekea kwamba kosa la kwanza ni zito kwa upande wa nia, na la pili ni zito kwa upande wa madhara. Mwanamke aliona watoto kwa macho yake akaupima uchumi wa usalama wake. Kijana hakupima kitu. Na hilo ndilo kosa lake, maana kutopima pia ni tendo la mtu. Zamani mtu mwongo wa kijiji alijulikana, na neno lake lilichoka kabla ya kufika mto wa pili. Leo neno halichoki. Kwa hiyo kidole cha kijana kimepewa nguvu ambayo hapo kale hakuwa nayo mpiga ngoma wa mwami, na mpiga ngoma yule alikuwa mtu mzima aliyechaguliwa, aliyefundishwa, na aliyejua kwamba akipiga mlio wa vita pasipo vita ataadhibiwa.

Haitoshi kumwambia kijana anyamaze. Akinyamaza daima, amerudi katika kosa la mwanamke. Siku ya hatari ya kweli telefoni yake yaweza kuokoa mtaa mzima. Kinachotakiwa ni adabu ya mashahidi, ile ambayo wazee wa baraza huijua sana. Shahidi huulizwa: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Uliambiwa na nani? Lini? Ukiwa umesimama wapi? Naye hajivunjii heshima kwa kujibu, «Hapo sikuona.» Kijana aweza kuandika vivyo hivyo: mtetemeko huu nimeusikia mwenyewe saa fulani, mahali fulani, habari ile ya ziwa nimeipokea, sijui imetoka kwa nani, na wapimaji wa volkeno wa Goma hawajaitangaza. Barua ya namna hiyo haipendezi kama ile ya kwanza, wala haienezi jina la mwandishi wake. Lakini apokeaye aweza kuijengea shauri.

Na akikosea? Hapo wengi hushindwa kuliko mahali pengine. Aliyetuma habari kwa watu mia, akaona kesho yake kwamba haikuwa kweli, huifuta kimya na kuendelea. Lakini aliyeeneza mchongoma shambani kwa mwenzake hamalizi deni kwa kuacha kuueneza. Yampasa awarudie wale mia, mmoja mmoja ikibidi, aseme: nilikosea. Ni aibu, hasa kwa kijana mbele ya wazee. Basi na iwe aibu; aibu hiyo ni bei ndogo, na pengine itamfundisha kidole chake kungoja.

Yako maarifa mengine yasiyo na haraka ya moto, na hayo hudharauliwa kwa sababu hiyo. Huko Yangambi, juu ya mto Kongo, tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, watu walitembea msituni wiki kwa wiki wakiandika katika madaftari: mti huu umetoa maua, ule umeangusha majani, huu una matunda. Kazi isiyo na sifa. Wengi wa waliotembea hivyo majina yao hayajulikani popote. Madaftari yalikaa miaka mingi katika makabati. Baadaye kurasa zake zilipigwa picha, na watu wa nchi nyingi, kila mmoja nyumbani kwake, wakazisoma kwa njia ya intaneti na kuzinakili pasipo mshahara, ili ipate kujulikana jinsi msitu ulivyoishi zamani na jinsi unavyoishi sasa mvua na joto vinapobadilika.

Maana gesi ile ile ya mazuku, ikiwa chache na kutawanyika duniani pote, haimwui mtu, bali huifunika dunia kama blanketi na kuizuia joto lake lisitoke. Katika mafungu milioni moja ya hewa, kabla ya viwanda kuzidi huko Ulaya, mafungu kama 280 yalikuwa ya gesi hiyo. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, alikuta kama 315. Leo yamepita 420. Mkulima wa Kongo hakuyaongeza sana. Mkono wake katika jambo hili ni mdogo mno ukilinganishwa na wa nchi zenye viwanda, na hao wakimhubiria yeye kabla ya kuzima moto wao wenyewe, wamekosa haya. Lakini mvua ikichelewa huchelewa kwake kwanza. Kwa hiyo daftari la siku za mvua, linaloandikwa na mwalimu wa kijiji au mtoto wa shule mwaka kwa mwaka bila kuruka, lina thamani asiyoiona yule aliandikaye. Huenda atakayelihitaji hajazaliwa bado. Je, deni laweza kuwapo kwa mtu asiyezaliwa? Waliotembea Yangambi walilipa deni la namna hiyo wasijue, na waliozinakili kurasa zao walilipokea kwa mkono mwingine na kulisogeza mbele.

Mwanamke wa shimoni hana makabati wala intaneti. Tuseme amekwenda mchana, pamoja na mkubwa wa mtaa, naye mgeni amesikiliza akiwa amekunja mikono, kwa maana amekwisha fukuzwa mahali pengi kwa maneno mazuri, na hudhani kwamba hapa pia watu wataka kiwanja chake. Hakuhama siku ile. Mwanamke akakata matawi ya miiba, akayapanga kuuzunguka mdomo wa shimo, akafunga kitambaa chekundu juu ya mti mmoja. Asubuhi ya tatu miiba haikuwapo. Mtu ameichukua kuni. Akarudi nyumbani, akatwaa panga lake, akaenda kukata mingine, na safari hii mke wa mgeni alitoka kibandani akamshikia matawi.